Jumanne: Moyo wa Kijana Unapovunjika

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Je, Eliya alitendewa mambo gani kabla ya kuulizwa swali lolote?

Eliya hakuwa ameachwa na mchumba. Alikuwa akimkimbia Yezebeli. Lakini yeyote aliyemwona binti wa miaka 16 akijifungia chumbani kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu ataitambua hali hii. Anataka kuwa peke yake, hana hamu ya chakula, analala mchana kutwa. Nabii aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu, baada ya mwendo wa siku 40.

Wazazi wengi, na sisi walimu wa Shule ya Sabato, hugeuza mpangilio huo. Tunaanza na hotuba: “Si nilikuambia usome kwanza?” au, “Huo ni utoto, utapata mwingine.” Wengine huanza kwa kuchunguza kama kulikuwa na dhambi. Mazungumzo hayo yana wakati wake, ila si usiku wa kwanza.

Soma Mithali 25:20. Kwa nini kumwimbia mwenye huzuni kunafananishwa na siki juu ya magadi?

Aliyewahi kukamulia limau kwenye magadi anajua povu linavyofumka. Faraja ya haraka huchemsha kile ilichotaka kutuliza.

Kijana aliyeachwa hupoteza zaidi ya mtu mmoja. Hupoteza marafiki waliokuwa wa wote wawili, na wakati mwingine hata kanisa, kwa maana aliyemwacha anaimba naye kwaya moja na watakutana tena makambini. Akikosa mazoezi wiki mbili, tusikimbilie kusema amepoa kiroho. Mwalimu anaweza kuzungumza faraghani na kiongozi wa kwaya ili wawili hao wasisimamishwe karibu kwa muda, pasipo kutaja sababu mbele ya wengine. Na simu? Kuchungulia picha za yule mwingine kila saa hutonesha kidonda. Hata hivyo, kumnyang'anya simu kwa nguvu humfunza kuficha tu. Afadhali mkubaliane naye saa za kuiweka sebuleni usiku.

Alilokuambia kijana lisigeuzwe kuwa ombi la maombi mbele ya darasa, hata bila jina. Wote watamjua. Lakini akisema anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake, siri hiyo haitunzwi. Msimwache peke yake. Mwambieni mzazi au mlezi, mfikisheni hospitalini au kwa mshauri nasaha. Tanzania na Kenya namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bila malipo. Kumtafutia daktari si upungufu wa imani. Eliya naye aliomba, na jibu la kwanza likawa mkate.

Jadilini darasani: Rafiki za Ayubu waliketi naye siku 7 bila kusema neno (Ayubu 2:11–13). Katika kanisa lenu, kijana aliyeachwa angemwendea nani Sabato hii, na mtu huyo angeweza kuketi kimya kwa muda gani?