Kompyuta Iliyoganda Haijafa, Mdogo Wangu

*Dada, nasimamia saiba ya mjomba hapa Makina, si mbali na msikiti. Kompyuta tunayoskania karatasi za watu inatumia Ubuntu. Jumamosi ilikuwa katikati ya kujisasisha, stima ikapotea. Tangu siku hiyo nikiiwasha inaleta jina la Ubuntu, kiduara kinazunguka, halafu inaganda hapo hapo. Nimeizima na kuiwasha hata sijui mara ngapi. Fundi anasema dawa ni kuifomati, nitoe shilingi 1,500. Ndani mna karatasi za wateja na hesabu za miezi saba. Mjomba anarudi Ijumaa. Nifanye nini?*

*Msichana wa saiba, Makina*

Keti kwanza. Ijumaa haijafika, na kompyuta yako haijafa. Mwambie fundi ahsante, lakini asiiguse bado. Kufomati ni kufuta, na kinachofutwa hivyo mara nyingi hakirudi.

Nasema hivi kwa uchungu nilioupitia. Miaka kadhaa iliyopita kompyuta yangu iliganda vivyo hivyo wakati wa kuwaka. Niliambiwa nifomati, nikakubali bila kuuliza swali hata moja. Zikaenda picha za harusi ya dada yangu, ikaenda na sauti ya nyanya yetu, niliyemrekodi akisimulia utoto wake. Nyanya alikuwa ameshatutoka. Wiki mbili baadaye kompyuta ikaganda tena, pale pale. Fundi mwingine akaifungua, akakuta kipande cha RAM kimelegea. Akakichomoa, akakipangusa, akakirudisha, ikawaka. Sauti ya nyanya ilifutwa kwa sababu ya kipande kilicholegea.

Na wewe uko Makina, hapa Kibera, mahali ambapo watu wanajua uzito wa karatasi. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alipofikisha miaka 18 na kuomba kitambulisho, alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji. Alitakiwa kuleta karatasi za wazazi, pengine hata za babu, athibitishe kwamba ni Mkenya, ilhali wazee wake walikuwa Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20, wakiwa askari wa jeshi la Waingereza. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwanyima watoto wa Kinubi haki yao. Sasa fikiria cheti cha zamani ulichokiskania mwezi uliopita. Huenda karatasi yenyewe imeshalowa mvua, na nakala iliyobaki ni hiyo iliyomo ndani ya mashine yako. Ndiyo maana nakuambia tuokoe karatasi kwanza, kisha ndipo tuitengeneze kompyuta.

Swali ambalo hakuna aliyekuuliza ni hili: imekwamia wapi? Matatu ya Kibera ikikwama kwenye steji ya Kenyatta, hatuendi kuitafuta steji ya Karanja. Kompyuta nayo ina steji zake. Ya kwanza ni nembo ya kampuni iliyoitengeneza, pale inapokagua RAM, diski na kibodi. Ya pili ni GRUB, mlango unaochagua mfumo upi uwashwe. Ya tatu ni kerneli, moyo wa Linux, ambayo inaamka na kuitambua mitambo yote. Ya nne ni huduma zinazoanzishwa moja baada ya nyingine mpaka ukurasa wa kuingia unatokea.

Ikiganda kwenye nembo ya kampuni peke yake, kwa kawaida Linux haina kosa, maana haijafikiwa hata kidogo. Chomoa printa, skana na flashi zote, ujaribu tena. Bado ikigoma, izime, chomoa waya wa stima, fungua ubavu wake, uchomoe RAM na kuirudisha kwa uthabiti. Ikipita GRUB halafu kioo kikawa cheusi kabisa, mara nyingi ni draiva ya picha. Yako wewe imefika mbali zaidi. Imeonyesha jina la Ubuntu na kiduara, maana yake GRUB imepita na kerneli imeamka. Kinachoshukiwa zaidi ni diski iliyoumizwa na kukatika kwa stima, au usasishaji ulioachwa nusu. Yote mawili kwa kawaida yanatibika bila kufuta chochote.

Sasa acha kuizima kwa kubonyeza kitufe. Kila unapofanya hivyo diski inaweza kukatizwa tena ikiwa katikati ya kuandika, kama ilivyokatizwa Jumamosi. Iwashe mara moja, kiduara kikianza kuzunguka bonyeza Esc. Picha itaondoka na maneno yataanza kushuka. Usiyaogope. Linus Torvalds alianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, akaiacha wazi ili yeyote aweze kutazama ndani. Ubuntu yenyewe ilitoka mwaka 2004, ikapewa neno la Kusini mwa Afrika ambalo sisi tunaliita utu. Na watu wa mtaa wetu wanajua faida ya kitu kilicho wazi: mwaka 2009 vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao wenyewe katika mradi wa Map Kibera, wakauweka kwenye OpenStreetMap, ramani inayoweza kuhaririwa na yeyote. Mfumo wa namna hiyo haukufichi kinachousumbua. Soma mstari wa mwisho na uupige picha kwa simu.

Ukiona maneno *A start job is running* na saa inayohesabu, subiri. Kwa kawaida inasubiri dakika moja na nusu kisha inaendelea. Mara nyingi inatafuta diski isiyokuwepo tena. Ukiona *(initramfs)* na alama inayopepesa, diski inaomba kukaguliwa. Ukiona *Kernel panic*, kerneli imeshindwa kuendelea, nawe utatumia ile ya zamani, nitakueleza hapa chini. Kama hakuna kinachosogea, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, bado mna uhai ndani.

Ukilazimika kuizima, kuna njia ya upole. Shikilia Alt pamoja na kitufe cha Print Screen, halafu bonyeza S, kisha U, kisha B, ukipumzika sekunde chache katikati. S inamalizia kuandika yaliyobaki, U inaifungia diski isiandikwe tena, B inaiwasha upya.

Leo jioni fanya hili. Azima kompyuta ya jirani na flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa. Pakua Ubuntu kutoka tovuti yake na uiandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Ichomeke kwenye mashine yako, na unapoiwasha gonga F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP, uchague flashi. Ukiulizwa, chagua kujaribu Ubuntu, usichague kusakinisha. Hapo kompyuta itafanya kazi kutoka kwenye flashi, na diski yako itabaki ilivyo.

Hatua hii inakupa mambo mawili. La kwanza ni jibu: ikiganda hata kwa flashi, huenda shida haiko kwenye Ubuntu yako, ni mitambo, mathalani RAM au joto. La pili ni mlango. Fungua kidirisha cha mafaili, ingia kwenye diski ya kompyuta, tafuta folda ya *home*, unakili karatasi zote na hesabu za mjomba kwenye flashi nyingine au diski ya nje. Ukikatazwa kufungua folda, uliza mtu anayejua Linux akusaidie kwa amri ya *sudo*. Usiache kazi hii nusu. Fungua nakala tano au sita uhakikishe zinasomeka.

Karatasi zikishaokoka, pumua. Sasa tunatibu.

Ukiwa bado kwenye flashi, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika *lsblk*, utaona majina ya vipande vya diski. Tafuta kile chenye Ubuntu kwa kuangalia ukubwa wake. Mathalani kinaweza kuwa *sda2*. Funga kidirisha ulichokuwa ukinakilia na uiondoe diski hiyo kwenye orodha ya zilizofunguliwa, maana haikaguliwi ikiwa inatumika. Kisha andika *sudo fsck -f /dev/sda2*, ukiweka jina la kipande chako. Ikikuuliza kama irekebishe, jibu *y*.

Baada ya hapo chomoa flashi, washa kompyuta, na mara nembo ya kampuni inapotoka gonga Esc. Mashine za zamani zinataka ushikilie Shift. Orodha ya GRUB itatokea. Ingia *Advanced options*. Utakuta kerneli zaidi ya moja, kwa sababu Ubuntu haitupi ya zamani inapoleta mpya. Chagua ya pili kwa upya. Ikiwaka vizuri, basi huenda kilichoharibika ni usasishaji wa Jumamosi. Fungua terminali, andika *sudo dpkg --configure -a*, umalizie kilichokatizwa na stima, halafu *sudo apt -f install* kuziba mapengo.

Ikikataa, rudi hapo hapo, chagua mstari wenye *recovery mode*. Utapata menyu fupi. Pale pana *clean* ya kutafuta nafasi, *dpkg* ya kutengeneza programu zilizovunjika, na *fsck* ya kukagua diski. Usiidharau ile ya kwanza. Diski ikijaa pomoni Ubuntu inaweza kukwama mlangoni bila kukueleza sababu, na mashine ya kuskania hujaa upesi. Ikishawaka, andika *df -h* uone imebaki nafasi kiasi gani.

Kwa wasomaji wengine ambao kioo chao huwa cheusi baada ya GRUB: simama juu ya jina la Ubuntu, bonyeza E, tafuta mstari unaoanza na neno *linux*, futa *quiet splash* uandike *nomodeset*, kisha F10. Mabadiliko haya ni ya safari hiyo moja tu, hayaharibu kitu. Ikiwaka, tafuta draiva sahihi ya kadi ya picha.

 

Fundi pia nisimwonee. Kuna wakati kufomati ndiyo njia iliyobaki. Kuna hata wakati diski yenyewe imechakaa. Sakinisha *smartmontools*, uandike *sudo smartctl -H /dev/sda*. Ikijibu *FAILED*, nunua diski mpya, usipoteze pesa ya kufomati ya zamani. Lakini fundi anayetaka kufuta kabla ya kuuliza imekwamia wapi, na ndani mna nini, mwambie arudi kesho.

Jambo la mwisho ni stima, kwa sababu ndipo tulipoanzia. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuikinga. Zungumza na mjomba mnunue UPS, hata ndogo. Dakika chache zinatosha kuizima kwa utaratibu. Usianze kusasisha stima inapochezacheza. Kila Ijumaa nakili kazi kwenye diski ya nje, na diski hiyo usiiache kwenye meza ile ile. Karatasi ambazo mwenyewe hahitaji uendelee kumtunzia, zifute kwa hiari yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde habari za watu, na heshima ya jirani inakutaka hivyo hivyo. Weka daftari kando ya kibodi uandike tarehe, mstari uliouona, na kilichosaidia. Atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako hatalia kama ulivyolia wewe.

Ikiwaka kabla ya Ijumaa, mdogo wangu, usianze na hesabu za mjomba. Hizo anaweza kukusaidia kuzikumbuka. Anza na vyeti vya watu.

Ni mimi, Dada yenu.