Tuwe kama Mwenye Nyumba ya Wageni



Somo letu leo ni Luka 10:25-37. Lisome kwanza, halafu tuendelee.

Habari ya Msamaria Mwema tunaijua tangu tukiwa Utoto Mtakatifu. Lakini kuna mtu mmoja humo huwa tunampita: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfikisha majeruhi, akamuuguza usiku ule, kesho yake akatoa dinari mbili akaendelea na safari. Aliyebaki kumtunza siku zilizofuata ni yule mwenye nyumba.

Mimi najitolea katika kikundi kidogo huku Kidatu, tunawasaidia walioamua kuacha pombe na dawa za kulevya. Kusema kweli, kazi yetu ni ileile ya mwenye nyumba. Watu wanadhani kazi kubwa ni kumshawishi mtu aache. Hapana, ngumu inakuja baadaye. Msimu wa miwa ukianza vibarua wanafika kutoka kila upande, na siku ya malipo vilabu vinajaa. Kijana mwenye miezi mitatu bila gongo anapita palepale, pesa mfukoni, na wenzake wa kijiweni wanamwita. Saa hiyo hahitaji mahubiri. Anahitaji mtu wa kutembea naye mpaka nyumbani.

Nimejifunza mambo matatu.

1. Upendo unahitaji maarifa. Uraibu ni ugonjwa. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Msimfungie chumbani mkamwombea tu. Mpelekeni hospitali, na sala ziendelee. Kwa wa heroini, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Ni dawa inayonywewa kila siku. Wapo wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga. Siyo kweli: inatuliza arosto, na mtu anaweza kufanya kazi na kulea watoto wake.

2. Akianguka tena, mlango uwe wazi. Msamaria aliahidi kulipa gharama zitakazozidi. Alijua dinari mbili huenda zisitoshe. Mama mmoja alimleta mwanae kwetu mara ya tatu, akauliza kwa aibu, "Wanangu, mmeshamchoka?" Tukamjibu, "Hapana mama, aingie, chai ipo." Na aliyekaa muda bila heroini akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, maana mwili umeshakizoea kidogo tu au hauna kabisa mazoea nacho. Akiogopa kutuambia kwamba ameteleza, tunaweza kumpoteza.

3. Kumpenda siyo kumfichia. Nauli tunalipa wenyewe, chakula tunanunua wenyewe; pesa mkononi hatumpi. Hatumdanganyi bosi wake kwa niaba yake. Na hatumwiti teja. Ana jina la ubatizo.

Kama umekata tamaa na ndugu yako, mfahamu Matt Talbot, kibarua wa Dublin, Ireland. Alianza kunywa akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka nadhiri ya kuacha, kwanza kwa miezi mitatu tu. Hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1925. Misa ya kila siku ilimshika. Mwaka 1975 Kanisa lilitambua rasmi ushujaa wa fadhila zake.

Tujiulize:
- Nani katika familia au jumuiya yangu ameacha kualikwa kwa sababu ya ulevi?
- Wiki hii nitampa nini: saa yangu moja, simu, au kumsindikiza kliniki?

Tusali: Bwana Yesu, wewe hukumchoka yeyote. Tupe uvumilivu wa mwenye nyumba ya wageni. Wanaopambana leo wafike jioni salama, na wakianguka watukute tupo. Mtakatifu Maksimiliano Kolbe, msimamizi wa waraibu, utuombee. Amina.