Jeraha la Tumbo na Damu Inayochelewa

Somo letu la muhula huu lahusu jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu aweza kuumia tumboni leo, akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake nyumbani, akala, akalala. Kisha siku ya sita, au hata wiki ya tatu, damu ikamwagika ndani ya tumbo lake, akawa katika hatari ya kufa. Huku kwetu Handeni na Korogwe sababu za kuumia hivyo ni nyingi: kuanguka kutoka juu ya mwembe, teke la ng'ombe, goti la mwenzako katika mpira, na zaidi ya yote baisikeli na pikipiki. Ncha ya usukani ikimpiga mtoto tumboni, ngozi yaweza kubaki nzima kabisa, pengine pana alama ndogo nyekundu tu, na mzazi akamshukuru Mungu kuwa hakuumia.

Wanafunzi wa baiolojia wajua kwamba damu hutoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa vena. Moyo unapopiga, nguvu ya damu katika ateri za mtu mzima ni kadiri ya milimita 120 za zebaki. Katika vena ni 10 hivi, au chini yake. Basi vena ndogo ikipasuka, damu huvuja taratibu, ikaganda na kuziba tundu. Ateri haina upole huo.

Sasa tulitazame bandama. Li upande wa kushoto, chini ya mbavu ya 9 hadi ya 11, nalo kwa mtu mzima mwenye afya lina uzito wa gramu 150 hivi. Kazi yake moja ni kuchuja damu na kuondoa chembe nyekundu zilizochakaa. Limejaa damu kama sifongo, na limefunikwa kwa ngozi nyembamba tu. Mtu akiugua malaria mara kwa mara, bandama hupata kazi kubwa ya kuondoa chembe zenye vijidudu, likavimba, likashuka chini ya mbavu zilizokuwa ngao yake. Ndiyo sababu madaktari wa malaria wa zamani walipotaka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani kijijini, waliwapanga watoto mstari na kuwapapasa matumbo. Siku hizi hali imekuwa afadhali; watafiti wa NIMR waliochunguza vijiji vya Korogwe waliona malaria ikipungua sana baina ya 2003 na 2008. Hata hivyo malaria haijatoweka, na bandama lililovimba hupasuka kwa pigo ambalo bandama zima lingelistahimili.

Je, kwa nini damu ichelewe? Pengine nyama ya bandama hupasuka lakini ngozi yake isipasuke. Damu hukusanyika chini ya ngozi hiyo na kuganda, mgonjwa akapata nafuu. Kisha damu ile huanza kulainika, au damu mbichi huongezeka kidogo kidogo, ngozi ikazidi kuvutika. Hapo kikohozi, au kuinua gunia la mkaa, chatosha kuipasua. Daktari Mfaransa, Baudet, alikieleza kipindi hiki cha ukimya mwaka 1907, na mwaka 1932 Archibald McIndoe aliandika kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hii hupasukiwa katika wiki mbili za kwanza.

Namna ya pili ni ya ateri yenyewe. Kila mwenye baisikeli amepata kuona tairi lililochanika, na mpira wa ndani ukatokeza kama jipu. Ateri iliyochanika ndani ya bandama au ini hufanya uvimbe kama huo, ila wenyewe ni mbaya zaidi, kwa maana ukuta wa ateri umekwisha kutoboka; kinachozuia damu ni nyama za jirani tu. Kila pigo la moyo huusukuma, mpaka siku moja hupasuka. Ukiwa ndani ya ini, damu yaweza kuingia katika njia ya nyongo na kuteremka matumboni. Mgonjwa huumwa tumbo upande wa kulia, macho huwa ya manjano, naye hutapika damu au huenda choo cheusi kama lami. Quincke wa Ujerumani alizitaja dalili hizo tatu mwaka 1871.

Dalili moja hushangaza sana. Bandama likivuja, mgonjwa aweza kulalamika bega la kushoto, wala bega hakuliumiza. Damu hugusa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho huanzia shingoni, pamoja na ile ya bega, na ubongo hudanganyika.

Tena kijana huficha upungufu wa damu vizuri mno. Mtu mzima ana lita 5 hivi. Aweza kupoteza robo tatu ya lita bila dalili kubwa, na nguvu ya damu huenda isishuke mpaka karibu theluthi imekwisha kutoka. Linalotangulia ni pigo la moyo kwenda mbio, kisha jasho baridi, kiu, na kizunguzungu akisimama. Kijana akizimia na kufa hivyo, ugomvi wa wiki mbili zilizopita umesahauliwa, na watu huanza kutafuta mchawi.

Basi aliyepigwa tumboni apelekwe hospitali, kama ile ya wilaya Handeni au Magunga hapa Korogwe, na aseme wazi aliumia lini na vipi, hata kama anaona aibu kwa kuwa walikuwa wakipigana. Mashine ya mawimbi ya sauti huweza kuonyesha damu tumboni, lakini picha safi ya siku ya kwanza haitoi ahadi ya siku ya kumi. Maumivu yakirudi, naye arudi. Asikandwe tumbo, asipewe aspirini, maana huzuia damu kuganda, wala asicheze mpira mpaka daktari aruhusu. Penye vifaa, matabibu huweza kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi ateri iliyotoboka na kuiziba bila kupasua tumbo. Pengine hapana budi bandama litolewe. Mtu huishi bila bandama, lakini huhitaji chanjo za kichomi na za homa ya uti wa mgongo, na chandarua kila usiku. Naye akipata homa, aende hospitali siku ile ile, asingoje kupambazuke.