Debe la Asali na Tembe la Kwihara

Jumamosi moja kundi letu la kisomo lilifunga safari kwenda Tabora. Tulipanga mambo mawili: asubuhi sokoni, mchana Kwihara, kuiona nyumba aliyokaa Dakta Livingstone.

Sokoni tulikuta michembe, matobolwa, karanga, uyoga mkavu, na asali tele. Asali hiyo inatoka kwenye misitu ya miombo. Mwenzetu mmoja, mama wa makamo, naye alileta debe lake la lita 20.

Kijana mnunuzi alilitazama tu, akasema, "Mama, lita 20 ni kilo 20. Nikulipe tumalizane."

Mama akajibu, "Ngoja, mwanangu. Weka kwenye mizani kwanza."

Debe likawekwa. Mama akainama, akausoma mshale mwenyewe, kwa sauti: "Ishirini na tisa!" Debe tupu lilikuwa kilo 1. Basi asali ilikuwa kilo 28. Kilo 8 zilitaka kupotea hivi hivi! Kijana akacheka kidogo, kisha akahesabu pesa.

Je, kijana alidanganya? Pengine hakujua. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hiyo ni kweli. Lakini asali ni nzito kuliko maji. Lita 1 ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo 1 na gramu 400 hivi. Asali iliyorinwa mbichi ina maji mengi, kwa hiyo huwa nyepesi kidogo. Kama unauza kwa kilo, pima kwa mizani. Kama unauza kwa lita, taja bei ya lita.

Mchana tukaenda Kwihara, nje kidogo ya mji. Nyumba ile ni tembe kubwa la udongo mwekundu. Paa lake ni bapa, kuta ni nene, na milango ya mbao imechongwa maua. Ilijengwa mwaka 1857, wakati Waarabu walipokuwa wakifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika nchi ya Unyanyembe. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri, sisi tukakaa chini kupumzika.

Livingstone alifika hapa mwaka 1872 pamoja na Stanley. Mwezi wa Machi Stanley aliondoka kurudi pwani. Livingstone akabaki mpaka Agosti. Alikuwa anangoja nini? Wapagazi! Bila watu wa kubeba mizigo hakuweza kwenda popote. Stanley ndiye aliyemtafutia watu huko pwani akawatuma.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Yule mama aliposikia hivyo akashika kiuno. "Debe langu kilo 29 tu, na shingo bado inauma!" Wapagazi, na wengi walikuwa Wanyamwezi, walibeba mizigo hiyo kutoka Bagamoyo mpaka Tabora. Ni kama kilomita 800, mwendo wa miezi mitatu hivi.

Livingstone alikufa mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wakaubeba. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza mmoja aliyekuwapo aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874, nao ukapelekwa Uingereza kuzikwa. Nyumba inaitwa kwa jina la Livingstone. Wapagazi wengi hata majina yao hatuyajui.

Tulirudi jioni, mama na debe lake tupu kichwani.

ZOEZI
1. Una lita 5 za asali iliyoiva. Ni kama kilo ngapi?
2. Wapagazi 10 walibeba kilo 32 kila mmoja. Jumla ni kilo ngapi?
3. Kwa nini Livingstone alikaa Kwihara mpaka Agosti?
4. Uliza wazee kijijini kwako: nani katika ukoo wenu alikuwa mpagazi? Andika jina lake.