Ujumbe Huu Umetoka kwa Nani?



 Katika ukurasa huu wa sayansi na teknolojia tutaangalia jambo ambalo kila mwenye simu hukutana nalo: ujumbe unaotumwa na kutumwa tena bila ya mtu kujua nani aliyeuandika. Ndani yake tumeweka mambo ya ajabu ya kusoma, vidokezo vya kutumia, na mwisho kuna maswali ya kujipima.

1. YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Tuanze na kosa letu, ili msidhani kuwa tunawanyooshea vidole wengine.

Jioni moja ya masika, watoto wakiwa darasani baada ya sala ya Alasiri, ujumbe uliingia katika simu ya mmoja wetu sisi walimu. Ulisema kuwa Mto Mkondoa umevunja kingo zake huko juu, maji yanakuja mjini, na kila aliyeupata awatumie watu 20 haraka. Chini yake palikuwa na picha ya nyumba zilizozama hadi kwenye paa. Mwalimu hakungoja. Aliutuma kwa wazazi wote. Ndani ya robo saa uwanja ulijaa watu. Watoto walilia, wengine walikimbia bila viatu, na bibi wa mwanafunzi mmoja aliteleza kwenye matope akavunjika mkono. Maji hayakuja. Mto ulikuwa mahali pake.

Kesho yake tuliketi tukaamua kufuata ujumbe ule nyuma hadi ulikotoka. Mwalimu aliupata kwa mzazi. Mzazi aliupata kwa mdogo wake aliyeko Mikumi. Mdogo wake aliupata kwa dereva wa bodaboda. Dereva aliukuta katika kundi la simu lenye watu asiowajua. Hapo njia ikakatika. Tulipoitafuta ile picha kwenye intaneti, tukaikuta ni ya miaka ya nyuma na ya mji mwingine kabisa.

Mtu anaweza kusema, "Basi si kitu, tahadhari ni bora." Hapana. Kilosa mafuriko ni jambo la kweli. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakakosa makazi na Reli ya Kati ikaharibika. Siku nyingine litakapokuja onyo la kweli, wale waliokimbia bure watasema, "Ni yale yale ya mwaka ule," na watabaki ndani. Uongo wa leo huua ukweli wa kesho, na huenda ukaua na watu.

2. ELIMU TULIYONAYO TAYARI

Jambo la kutuhuzunisha ni kuwa sisi watu wa madrasa ndio tuliopaswa kujua zaidi. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, waumini wanaamrishwa kuchunguza habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta.

Tena katika somo la Hadithi tunafundishwa kwamba kila hadithi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni sanad, yaani mfululizo wa wapokezi: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Ya pili ni matni, yaani maneno yenyewe. Wanazuoni kama Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870 Miladia), hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: Huyu mpokezi ni nani? Ni mkweli? Ana kumbukumbu nzuri? Je, alikutana kweli na yule anayedai kupokea kwake? Mpokezi mmoja akiwa hajulikani, habari hutiwa dosari.

Sasa tazama ujumbe wa simu. Maneno yapo, picha ipo, lakini wapokezi hawapo. "Imetumwa kama ilivyopokelewa" si sanad. Ni kukiri kuwa sanad hakuna.

3. MAAJABU MAWILI: LIPI LA KWELI?

Soma habari hizi mbili, kisha useme ipi ni ya kweli kabla ya kuendelea.

(a) Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini, Julai 1969, alisikia adhana akiwa huko. Baadaye alipofika Misri akaisikia tena, akasilimu.

(b) Panya aliyefundishwa mkoani kwetu Morogoro alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa kuokoa maisha ya watu.

Wanafunzi wetu wengi walichagua (a), na wakacheka waliposikia (b). Jibu ni kinyume chake.

Habari ya Armstrong ilienea katika nchi nyingi za Waislamu hadi mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaziandikia balozi zake kueleza kuwa bwana huyo hakusilimu, na kwamba hakukusudia kumvunjia heshima mtu yeyote wala dini yoyote. Armstrong mwenyewe aliikanusha, na alifariki mwaka 2012. Hata somo la Sayansi lingetosha kututahadharisha: sauti huhitaji hewa au kitu kingine cha kupitia, na mwezini hakuna hewa. Wanaanga wale walizungumza kwa redio. Uislamu hauhitaji kusaidiwa na uongo, hata uwe uongo unaotupendeza.

Ama yule panya, jina lake ni Magawa. Alikuwa panya buku, alizaliwa Tanzania, akafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na shirika la APOPO, ambalo kituo chake kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Panya hawa hunusa kemikali iliyomo ndani ya bomu, na kwa kuwa ni wepesi, hawalilipui wanapolikanyaga. Magawa alipelekwa Kambodia. Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu, na akawa panya wa kwanza kuipata. Alifariki Januari 2022.

Funzo ni hili: kuvutia kwa habari si dalili ya ukweli, na kustaajabisha kwake si dalili ya uongo. Cha kuangalia ni ilikotoka.

4. WARAKA WA NDOTO

Wazee wetu wanaukumbuka waraka uliokuwa ukinakiliwa kwa mkono, baadaye kwa fotokopi. Unadai kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, aitwaye Sheikh Ahmad, ameota ndoto. Atakayeuandika na kuusambaza atapata kheri, na atakayeupuuza atapata msiba. Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, aliandika kuukanusha na kueleza kuwa ni uzushi.

Leo waraka ule ule unakuja kwa simu. Karatasi imeondoka, uongo umebaki. Ujumbe wowote unaokuahidi riziki kwa kuutuma kwa watu kadhaa, au kukutisha usipoutuma, ufute. Kheri na shari zipo mikononi mwa Allah (s.w.), hazimo katika kitufe cha kutuma.

5. "ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII"

Hii ndiyo aina inayotuumiza mfukoni. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyingine kama hiyo zikafuata, kutuma fedha kumekuwa rahisi, na wezi nao wamejifunza. Mzazi wetu mmoja wa Mikumi aliuza mahindi ili alipe ada ya mwanawe. Akiwa anajiandaa kutuma, ukaingia ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Akadhani ni mhasibu wa shule. Akatuma yote. Mtoto akakaa nyumbani wiki tatu.

Wengi huuliza, "Mwizi alijuaje kama natarajia kutuma fedha?" Hakujua. Alituma maneno yale yale kwa mamia ya namba. Kati ya watu hao wote, hakosi mmoja aliye njiani kumtumia mtu fedha. Ni kama mvuvi mwenye nyavu, hamjui samaki kwa jina. Na jina hulitaja mapema ili simu itakapokuonesha jina la mpokeaji usishituke.

6. VIDOKEZO VYA KUTUMIA

• Ukiambiwa utume fedha kwenye namba mpya, mpigie mhusika kwa namba yake unayoijua tangu zamani. Usiipigie ile iliyokuja katika ujumbe.

• Ukiambiwa, "Nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie," angalia salio lako kwa kupitia menyu ya huduma. Usiamini ujumbe tu, maana mtu yeyote anaweza kuandika ujumbe unaofanana na wa kampuni.

• Namba ya siri haiulizwi na mtoa huduma yeyote. Usimtajie mtu.

• Ujumbe wa kitapeli uripoti kwa namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Piga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

• Katika WhatsApp, mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepita kwa watu wengi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Ukiiona mishale hiyo, punguza mwendo.

• Picha ikikutia shaka, itafute kwa Google Lens. Utaoneshwa mahali pengine ilipowahi kutokea, na mara nyingi tarehe yake.

• Siku hizi akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazotengeneza maandishi, picha na sauti, inaweza kuiga hata sauti ya mtu unayemjua. Sauti ya ndugu yako ikiomba fedha ghafla, kata simu, kisha umpigie wewe.

• Habari za hali ya hewa zipokee kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), na za mafuriko kutoka ofisi ya serikali ya mtaa au ya wilaya.

7. SHERIA INASEMAJE?

Wako wanaosema, "Mimi sikuandika, nimesambaza tu." Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu mwenye kuchapisha habari akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Lakini hata pale ambapo sheria ya nchi haikufiki, yule bibi aliyevunjika mkono hakuumizwa na mwandishi asiyejulikana peke yake. Sisi nasi tulikuwa wapokezi katika mfululizo ule. Tulikwenda kumtaka radhi nyumbani kwake, naye akatusamehe. Tangu siku hiyo tumejiwekea utaratibu: hakuna tangazo linalokwenda kwa wazazi kabla walimu wawili hawajathibitisha chanzo chake kwa kupiga simu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sanad ni nini, na kwa nini ujumbe wa simu mara nyingi hauna sanad?
2. Taja sababu moja ya kisayansi ya kuitilia shaka habari ya Armstrong.
3. Mwizi anayetuma "ile hela tuma kwenye namba hii" humpataje mtu sahihi?
4. Kazi ya nyumbani: Chukua ujumbe mmoja uliosambazwa katika simu ya mzazi wako. Kwa ruhusa yake, ufuate nyuma mpokezi hadi mpokezi. Andika majina kwenye daftari, na uweke alama pale ulipokatika.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyasema na tunayoyatuma. Wabillahi tawfiq.