SOMO LA USALAMA: TRANSFOMA NA WAYA WA ARDHI



Hapa Vurra mpakani vyombo vingi vya umeme huingia na plagi ya miguu miwili, ya mtindo wa Kongo. Soketi za Uganda zina matundu matatu. Sote tumeona dawa yake: mtu husukuma kijiti au kalamu katika tundu la juu, plagi ikaingia, chombo kikawaka. Na hatari ni hiyo hiyo, kwamba kinawaka. Tundu la juu ni la waya wa ardhi. Chombo hakiuhitaji ili kifanye kazi. Anayeuhitaji ni mtu anayekishika.

Tuchukue oveni ya maikrowevu. Ndani yake mna transfoma inayopokea volti 240 na kutoa kama volti 2000. Umeme huo unaua kwa mguso mmoja. Tena, ncha moja ya waya wa volti kubwa imefungwa kwenye chuma cha transfoma yenyewe, na umeme hurudi kwa kupitia bodi la chombo. Basi skrubu za transfoma hazishiki uzito tu, ni njia ya umeme. Tumewahi kukuta transfoma iliyorudishwa kwa skrubu mbili badala ya nne, juu ya rangi mpya. Rangi huzuia umeme. Njia ikikatika hapo, chuma kile hubaki na volti kubwa, kinarusha cheche na kumngoja mtu.

Ndugu fundi, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya hapo, kwa hiyo gusanisha ncha zake mbili kwa bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, mkono wa pili ukiwa nyuma ya mgongo. Sisi tuliozeeka katika kazi hii hatuiruki hatua hiyo. Kisha kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tia washa yenye meno, kaza skrubu zote. Waya wa kijani na njano upewe bolti yake peke yake. Ndani ya plagi uwe mrefu kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka.

Plagi ikiwa bado nje, pima kwa mita kutoka mguu wake mrefu hadi chuma cha transfoma: isizidi omu moja. Volti 2000 usizipime kamwe kwa mita ya kawaida.

Lakini kazi hiyo yote ni bure ikiwa waya wa ardhi wa jengo umeishia ukutani. Tangu mwaka 2024 West Nile imeunganishwa na gridi ya taifa, na vyombo vinaongezeka kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atunze mahali pa kazi pawe salama. Mwambieni mjumbe wenu adai nondo ya ardhi ipimwe, na ipimwe wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, maana ndipo inapofanya kazi vibaya zaidi.