Dondoo muhimu: Kupamba ngazi za nyumbani kwa Krismasi

Pima kwanza. Shada linaloning'inia kwa mawimbi hula urefu. Kwa reli ya mita 4, andaa shada la mita 6 hivi.

Tumia matawi ya karibu. Pwani kuna mvinje. Nyanda za juu kuna msaiprasi na msonobari. Yaloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kuyafunga. Yakianza kupukutika, yaondoe: majani makavu hushika moto upesi.

Funga, usipigilie. Misumari huharibu mbao na gundi huacha madoa. Utepe wa kitambaa au vipande vya kitenge hushika vizuri, na hupendeza.

Taa kabla ya mapambo. Zungusha taa kwenye shada, ziwashe uone kama zote zinawaka, kisha tundika mipira na kengele. Chagua taa za LED, kwani hazipati joto sana. Waya upite upande wa nje wa reli, kamwe usikatize ngazi.

Rangi mbili au tatu zatosha. Nyekundu, kijani na dhahabu hazichuji. Mapambo ya kioo yakae juu, mbali na watoto.

Acha pa kushika. Bibi na babu wanahitaji reli, hivyo pamba upande mmoja tu. Vidato vibaki vitupu: usiweke mishumaa wala zawadi.

Na kabla ya kwenda kulala, zima taa zote.